Malaria ya Kondo na Siku za Mtoto Wodini

Siku ambazo mtoto mchanga hukaa hospitalini hutegemea sana afya ya mama wakati wa ujauzito. Mama akijifungua kwa upasuaji, mtoto hubaki naye siku chache. Akiwa na kisukari au shinikizo la damu, au chupa ikipasuka mapema, mtoto huwekwa chini ya uangalizi. Wanaokaa wiki kadhaa ni njiti na wale wenye uzito mdogo mno. Katika Bukoba na Muleba, kando ya Ziwa Victoria, sababu mojawapo ya watoto kuzaliwa hivyo ni malaria inayojificha kwenye kondo la nyuma.

Kimelea cha *Plasmodium falciparum* huishi ndani ya chembe nyekundu ya damu na kuifanya iwe ngumu. Chembe ngumu ikipita kwenye bandama hunaswa. Ni kama mtumbwi wa uvuvi haramu kati ya Bukoba na kisiwa cha Bumbire: ukizurura hadharani doria itaukamata, hivyo hutia nanga pembeni. Nanga ya kimelea ni protini inayochomoza juu ya chembe, na kimelea kimoja kina akiba ya nanga zipatazo 60. Mtu anayekulia penye malaria huzitambua za kawaida moja baada ya nyingine, na doria ya mwili wake huimarika. Mimba inapotunga, ziwani hufunguka ghuba mpya: kondo, ambamo damu ya mama hupita taratibu juu ya kuta zenye molekuli iitwayo kondroitini salfeti A. Nanga moja, VAR2CSA, hushika hapo barabara, na doria haijawahi kukutana nayo. Ndiyo maana mimba ya kwanza huathirika zaidi. Kufikia ya tatu, nanga hiyo imekwisha kujulikana. Watafiti Michal Fried na Patrick Duffy walionyesha mwaka 1996 jinsi chembe zenye kimelea zinavyoshika kondroitini salfeti A, kwa makondo kutoka Kisumu, ng'ambo ya ziwa hilohilo.

Mama huenda asipate hata homa. Chembe nyeupe hujazana kwenye kondo, chakula cha mtoto hupungua, na uchungu huweza kuanza kabla ya wakati. Kabla ya wiki ya 34 hivi, mtoto hajaweza kupatanisha kunyonya, kumeza na kupumua. Hulishwa kwa mrija, hubebwa kifuani kwa njia ya kangaruu, na huruhusiwa akinyonya vizuri, akitunza joto na kuongezeka uzito.

Kwenye miinuko ya Muleba, iliyokumbwa na mlipuko wa malaria baada ya mvua za El Niño za 1997/98, kinga huwa haba, kwa hiyo hata mimba za baadaye huweza kudhurika. Kliniki hutoa chandarua na vidonge vya SP vya kuzuia malaria kuanzia muhula wa pili, angalau dozi tatu zilizopishana mwezi mmoja. Wajawazito wenye VVU wanaotumia dawa ya kotrimoksazoli hawapewi SP.