Jina la Kumwita Mungu kwa Upendo

Huko Meksiko na katika nchi nyingi za Amerika ya Kusini, waamini wasemao Kihispania humwita Mungu Diosito. Dios ni Mungu, neno litokalo katika Kilatini Deus. Nacho kiambishi -ito kwa kawaida hupunguza ukubwa wa kitu. Je, wanamdunisha Mwenyezi? La hasha! Kwa njia hiyo hiyo bibi, abuela, huitwa abuelita, yaani bibi mpenzi. Udogo huo si wa kimo, bali ni ukaribu wa moyo.

Sisi tukijaribu kufanya vivyo hivyo tutajikwaa. Neno Mungu latokana na Mulungu, jina lijulikanalo kwa Wasukuma na kwa watu wengi wa lugha za Kibantu hadi Malawi. Katika Kiswahili sauti l ilidondoka, likawa Muungu, kisha Mungu. Tukilipunguza twapata kijimungu, nalo ni neno la dharau: ni kitu tulichojitengenezea wenyewe. Mchimbaji ashukaye duarani hapa Nyarugusu na hirizi kiunoni, akiitumainia impe dhahabu, amejipatia kijimungu; hajamkaribia Mungu.

Je, lugha yetu haina upendo? Inao, ila umepita njia nyingine. Tazameni: wingi wa Mungu ni miungu, kama mti na miti. Lakini twasema mti unaanguka, na Mungu anasikia. Lugha imekataa kumhesabu kuwa kitu. Imemweka pamoja na watu, awezaye kuitwa na kuitika. Kisha twaongeza neno moja: Mungu wangu. Hatumpunguzi, twajifungamanisha naye.

Mnamo Januari 2017 watu 15 walifukiwa mgodini hapa mkoani Geita, wakatolewa hai Jumapili, tarehe 29. Aliye katika giza la namna ile hahitaji jina refu la heshima. Ahitaji neno fupi, neno la mtoto. Naye Bwana wetu, katika uchungu wa Gethsemane, alilitumia: Abba, neno la Kiaramu ambalo watoto, hata wakiisha kuwa watu wazima, humwitia baba yao nyumbani.

Ndugu yangu mchimbaji, kesho kabla ya kushuka, iache hirizi. Sema tu: Baba. Yatosha.