Kusimulia kisa chako mwenyewe jukwaani: mambo yanavyokwenda

Hadithi za bibi zilikuwa na mlango wake. Msimulizi akisema "Hadithi! Hadithi!", watoto wanaitikia "Hadithi njoo!", na kuanzia hapo sungura ana ruhusa ya kuzungumza na fisi ana ruhusa ya kwenda harusini. Hakuna anayeuliza kama ilitokea. Simulizi ya kweli jukwaani haina mlango huo. Anayesimama anasema "mimi", anataja mtaa, anamtaja mama yake, na huenda mama mwenyewe ameketi safu ya tatu.

Mtindo huu, kama tunavyousikia leo redioni na kwenye podikasti, umeenezwa sana na The Moth, shirika la New York lililoanzishwa mwaka 1997 na mwandishi wa riwaya George Dawes Green. Jina hilo maana yake ni nondo, yule mdudu wa usiku, si nondo ya kujengea. Green alikumbuka jioni za jimboni Georgia, ambako yeye na rafiki zake walikaa barazani wakisimuliana huku nondo wakiizunguka taa. Vikao vya mwanzo vilifanyika sebuleni kwake. Mwaka 2009 kikaanza kipindi cha redio, The Moth Radio Hour, kilichopata Tuzo ya Peabody ya mwaka 2010. Shirika hilo limewahi pia kufundisha wasimuliaji Kenya na Uganda.

Kanuni ni chache. Kisa kiwe cha kweli, kiwe chako, na usisome karatasi. Kwenye mashindano yao, mada hutangazwa mapema, wanaotaka kusimulia hutumbukiza majina, na kumi wanaobahatika hupanda mmoja mmoja. Kila mtu ana dakika tano. Alama hutolewa na watazamaji waliochaguliwa papo hapo, si wataalamu.

Dakika tano ni chache kuliko unavyodhani. Sisi watangazaji tunalijua hilo, maana mgeni akiulizwa jina tu anaweza kuanza na ukoo wake. Ndiyo maana msimuliaji hushauriwa aanze ndani ya tukio na aijue vizuri sentensi yake ya kwanza na ya mwisho. Katikati asikariri. Aliyekariri akisahau neno moja hukwama, lakini anayekumbuka tukio lenyewe atapata neno jingine.

Jambo kubwa zaidi ni kuwa na kitu cha kupoteza. Kuachwa na basi si kisa. Kuachwa na basi asubuhi ya mazishi ya baba ambaye hamjaongea miaka sita, hicho ni kisa, kwa sababu msikilizaji sasa anataka kujua kama utafika, na ukifika utasimama wapi.

Wengi wetu tumezoea ushuhuda wa kanisani, na unasaidia, maana unamfundisha mtu kusimama na kusema. Lakini ushuhuda mwisho wake unajulikana: nilikuwa gizani, sasa niko kwenye nuru. Jukwaani unaruhusiwa kumaliza ukiwa bado hujamsamehe kaka yako. Kwa maoni yangu hapo ndipo simulizi hizi zinapopata nguvu, na ndipo zinapoweza kumuumiza mtu.

Wasimuliaji wazoefu husema, simulia kovu, usisimulie kidonda. Anayeeleza msiba wa mwezi uliopita anaweza kuvunjika mbele ya watu, na watazamaji wakageuka wauguzi. Hilo si kosa lake. Muda wake haujafika.

Na kisa chako kina watu wengine ndani. Mume wa zamani, mwajiri, jirani aliyekukopesha, wote hawakuomba kupanda jukwaani. Katika mkoa kama wetu, kubadilisha jina hakutoshi, kwa sababu ukisema "fundi cherehani wa karibu na stendi" tayari watu wameshamjua. Ukimtuhumu mtu redioni, mambo yanaweza kuishia mahakamani. Na ukumbini waliokusikia ni mia moja, lakini rekodi itapigwa tena mwakani, itasikiwa na mwanao akiwa darasa la sita.

Kwa hiyo kabla ya kuwasha kinasa sauti huwa namuuliza mgeni: nani mwingine yumo kwenye kisa hiki, na anajua kwamba umekuja kukisema? Wengine huomba siku mbili wakaongee nyumbani kwanza. Baadhi hawarudi, na sisi hatuwafuati.