Kutunza Chura: Majini au Nchi Kavu?

Huko Mungaa, mkoani Singida, kiangazi ni kirefu na vyura hawaonekani. Mvua zinaponyesha mwishoni mwa mwaka, madimbwi hujaa na sauti zao husikika usiku kucha. Vyura hao hawakushuka pamoja na mvua. Walikuwa wamejificha ardhini na katika mianya yenye unyevu. Ngozi ya chura hupitisha maji na hewa, nayo ikikauka mnyama hufa. Kwa hiyo atakaye kumtunza chura darasani hana budi kujua kwanza amefikia hatua gani ya maisha yake.

Kiluwiluwi ni mnyama wa majini kabisa, naye hupumua kwa matamvua kama samaki. Chombo kipana humfaa kuliko chupa ndefu, kwa sababu oksijeni huingia majini kupitia uso wa maji. Yafaa yatumike maji ya dimbwi alimotoka. Maji ya bomba yenye klorini yaachwe wazi siku moja au mbili kwanza. Chakula chake ni mwani, au mchicha uliochemshwa kidogo. Mabaki yaondolewe kila siku, kwani yakioza humaliza oksijeni.

Miguu ya nyuma hutangulia kutokeza, kisha ya mbele. Hatua hii ni ya hatari. Mapafu sasa yanachukua kazi ya matamvua, na kiumbe aliyeishi kama samaki aweza kufa maji. Basi maji yapunguzwe, na liwekwe jiwe la kupandia. Mkia unapofyonzwa, mwili hujilisha kwa mkia huo. Chura huyo mdogo halazimiki kula. Baadaye ahamishiwe katika sanduku lenye udongo wenye unyevu, majani makavu, sahani ya maji na kifuniko cha wavu, likae kivulini. Apewe wadudu wadogo walio hai, kama vile mchwa.

Lakini si vyura wote wafuatao njia hiyo. Katika korongo la Kihansi, milima ya Udzungwa, mwaka 1996 aligunduliwa chura asiyefikia urefu wa sentimita 3. Yeye hatagi mayai majini. Huzaa watoto walio vyura kamili, na makazi yake ni manyunyu ya maporomoko. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme mwaka 2000, manyunyu yalipungua mno. Mwaka huo vyura 499 walipelekwa Marekani kutunzwa, na wengi wakafa kabla ya mahitaji yao kueleweka. Korongoni kuliwekwa mabomba ya kunyunyiza maji. Hata hivyo mwaka 2003 idadi yao ilianguka ghafla, na kuvu ashambuliaye ngozi za amfibia akagunduliwa. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka porini. Waliosalia ni wale wa matangini tu. Mwaka 2010 vyura 100 walirejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 kazi ya kuwarudisha korongoni ikaanza.

Kuvu huyo husafiri kwa maji na matope. Kwa sababu hiyo, wanafunzi wanaotunza viluwiluwi wanawe mikono kabla na baada ya kuwashika, wamwage maji ya chombo mbali na mabwawa, na wawarudishe vyura katika dimbwi lile lile walimotoka, kamwe si katika jingine.