Mama, Hukumu Ilisomwa Lini?

Lawama tumeizoea: vijana waliosomea sheria wamerundikana Dar es Salaam, hawataki kwenda wilayani. Leo tuligeuze swali. Kijana akifika Handeni au Korogwe, nani atamfundisha kazi?

Baada ya shahada, kijana huyo hupitia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Huko hujifunza kuandika hati na kuhoji shahidi. Mengine hayafundishiki darasani.

Chukua mfano wa mama mjane wa kijiji kimoja cha Handeni, aliyeshindwa kesi ya mirathi katika mahakama ya mwanzo. Anaingia ofisini na bahasha iliyokunjamana. Wakili mchanga hukimbilia vifungu. Wakili mkongwe, hata kabla ya kufungua bahasha, huuliza: "Mama, hukumu ilisomwa lini?" Maana rufaa ya kwenda mahakama ya wilaya ina siku 30 tu. Zikipita, kabla ya kulizungumzia shamba la marehemu itabidi kwanza aombe kuongezewa muda, na atoe sababu ya kutosha ya kuchelewa.

Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu 2021. Mwaka huo sheria ilirekebishwa, mawakili wakaruhusiwa kusimama katika mahakama za mwanzo zinazoongozwa na mahakimu wakazi. Hapo awali mlango huo ulikuwa umefungwa kwao. Mwaka huohuo Kiswahili kikafanywa lugha ya mahakama. Kijana aliyesoma sheria kwa Kiingereza sasa amweleze mama yule, kwa maneno ya nyumbani, kwamba kesi yake ni dhaifu. Hilo ni gumu kuliko kumhoji shahidi, na hujifunza kwa kumsikia mwingine akilifanya.

Lakini wapo wakubwa (sitaki kuwasema sana) ambao kijana kwao ni mbeba majalada na mtu wa kuomba kesi iahirishwe. Mwaka unakatika, hajamhoji mteja hata mmoja.

Wala walimu si mawakili peke yao. Karani wa mahakama anajua kwa nini hati zimerudishwa. Msaidizi wa kisheria, anayetambuliwa na sheria ya mwaka 2017, anajua ugomvi wa kijijini ulipoanzia. Na ukiupanda mlima kutoka Mombo, wilayani Korogwe, unafika Lushoto, kilipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama.

Nionavyo mimi, mkongwe ampishe kijana kiti, yeye akae pembeni anyamaze. Kijana aulize. Akisahau tarehe ya hukumu, mkongwe akohoe.