Binti wa Lusaka na Mabao Yake

Jioni katika kota zetu watoto wa kiume hukusanyika kupiga mpira wa matambara, na msichana akijiingiza kati yao huitwa upesi akachote maji. Nilipokuwa nikifundisha shule ya msingi, kabla ya kuhamishiwa kazi za ofisini, mimi mwenyewe niliwagawia wavulana mpira wa miguu na wasichana mpira wa pete, wala sikumwuliza msichana hata mmoja alitaka upi. Ndiyo sababu nimeona vema leo niwasimulie habari za Barbra Banda.

Binti huyu alizaliwa Lusaka, mji mkuu wa Zambia, tarehe 20 Machi 2000. Alijifunza kandanda akicheza na wavulana, na kwa muda alikuwa bondia pia, akipanda ulingoni na kuvaa glavu. Mwaka 2014, akiwa ndiyo kwanza atimize miaka kumi na minne, alikwenda Costa Rica na timu ya Zambia katika Kombe la Dunia la wasichana walio chini ya miaka 17. Mwaka 2018 alikwenda Hispania kuichezea klabu ya mji wa Logroño kwa mshahara, na kutoka huko akahamia Shanghai, China.

Lakini watu wengi walilisikia jina lake kwa mara ya kwanza mwezi wa Julai 2021, katika Michezo ya Olimpiki iliyofanyika Japani. Zambia ilikutana kwanza na Uholanzi, ikafungwa mabao 10 kwa 3. Yote matatu ya Zambia alifunga Banda, nahodha wa timu. Siku tatu baadaye walipambana na China wakatoka sare ya 4 kwa 4, na Banda akafunga tena matatu. Hakuna mwanamke aliyewahi kufunga mabao matatu katika michezo miwili mfululizo ya Olimpiki kabla yake. Nahodha ambaye timu yake imefungwa kumi angeweza kuinamisha kichwa, wala hakuna ambaye angemlaumu.

Mwaka uliofuata yakamfika mazito. Mashindano ya Kombe la Afrika la wanawake yalifanyika Morocco mwaka 2022, na Banda alikuwa katika kikosi cha Zambia. Hakucheza hata dakika moja. Jina lake liliondolewa kwa sababu ya kanuni za kuthibitisha jinsia, ambazo zilihusu kiasi cha homoni ambayo mwili huitengeneza wenyewe, kwa wanaume na kwa wanawake, ingawa si kwa kiasi kimoja. Habari za damu ya mtu ni siri yake na daktari wake, nasi hatutazichungulia hapa. Ila tukumbuke kwamba mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amecheza Olimpiki, na mwaka mmoja baadaye alicheza Kombe la Dunia. Kote huko aliruhusiwa kucheza kama mwanamke, na ni bara lake lenyewe lililomweka nje. Wenzake walicheza bila nahodha wao wakashika nafasi ya tatu, wakapata tiketi ya Kombe la Dunia ambalo Zambia ya wanawake haikuwahi kulifikia.

Kombe hilo lilichezwa Australia na New Zealand mwaka 2023. Zambia ilifungwa 5 kwa 0 na Japani, kisha 5 kwa 0 na Hispania. Katika mchezo wa mwisho iliifunga Costa Rica 3 kwa 1, na bao la penalti alilofunga Banda likawa la 1,000 tangu Kombe la Dunia la wanawake lianze.

Mwaka 2024 klabu ya Orlando Pride ya Marekani ilimnunua kutoka Shanghai kwa dola zipatazo 740,000. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo Mzambia mwenzake, Racheal Kundananji, alikuwa amenunuliwa kwa zaidi ya dola 780,000, bei ambayo wakati huo haikuwahi kulipwa kwa mwanamke yeyote wa kandanda duniani. Tarehe 23 Novemba 2024, katika fainali iliyochezwa Kansas City, Orlando iliishinda Washington bao 1 kwa 0. Bao lilikuwa la Banda. Mwezi uliofuata alitangazwa mwanamke bora wa kandanda barani Afrika.

Wasomaji wetu wa jeshini huenda wakapenda kujua kwamba huko Zambia klabu ya Green Buffaloes, ambayo ni ya jeshi, ina timu ya wanawake, na mwaka 2022 timu hiyo ilicheza mashindano ya klabu bingwa za Afrika.

Mwezi wa Julai 2025 Kombe la Afrika lilirudi Morocco, nchi ile ile. Safari hii Banda aliruhusiwa. Zambia ilifungua mashindano mjini Rabat dhidi ya wenyeji, mbele ya mashabiki wao, na dakika ya kwanza ilikuwa haijaisha Banda alipoutia mpira wavuni. Mchezo ulimalizika 2 kwa 2. Katika robo fainali Nigeria iliwatoa kwa mabao 5 kwa 0, na mwezi wa Agosti, akiichezea Orlando, Banda aliumia nyonga akakosa michezo yote iliyobaki ya msimu.