Jeni ikizimwa, upungufu hupimwaje?

HUENDA umesikia kwamba kuna dawa ambazo 'huzima jeni'. Kabla hujaamini, uliza: ilijulikanaje kwamba jeni imezimika, na kwa kiasi gani?

Chukua mfano wa inclisiran, dawa iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2020 na Marekani mwaka 2021. Baada ya sindano mbili za kwanza, mgonjwa hudungwa kila miezi sita. Dawa hii hulizuia ini kutengeneza protini ya PCSK9, ambayo huharibu vipokezi vya kuondoa kolesteroli mbaya katika damu.

Jeni yenyewe haiguswi. Jeni hutoa nakala za maagizo, ziitwazo RNA, na protini hutengenezwa kwa kufuata nakala hizo. Dawa huzikata nakala. Kwa hivyo mtafiti ana vitu viwili vya kupima, na si lazima vipimo hivyo vilingane. Protini iliyokwisha kutengenezwa yaweza kudumu siku kadhaa baada ya nakala kutoweka. Anayepima protini mapema mno atadhani dawa imeshindwa.

Nakala hupimwa kwa PCR, kipimo ulichokisikia sana wakati wa Korona. Kila mzunguko wa mashine huziongeza maradufu. Seli zilizotiwa dawa zikichelewa kwa mzunguko mmoja kuonyesha dalili, nakala zimebaki nusu. Zikichelewa mizunguko mitatu, imebaki sehemu moja kwa nane.

Protini nazo hutenganishwa kwa umeme kwenye jeli, kisha hutafutwa kwa kingamwili. Hujitokeza kama mstari. Mstari ukififia, protini imepungua. Lakini usidanganyike na picha! Labda sampuli iliyotiwa hapo ilikuwa kidogo. Ndiyo maana hupimwa pia protini isiyoathiriwa na dawa, kama vile aktini, iwe mizani. Utafiti usioonyesha mstari huo wa pili mimi huutilia shaka.

Kwa mgonjwa, kinachopimwa ni damu. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kolesteroli mbaya ikishuka kwa takriban nusu, ikilinganishwa na waliodungwa sindano isiyo na dawa. Hiyo haimaanishi kwamba mishtuko ya moyo ilipungua kwa nusu. Kulijua hilo huhitaji kuwafuata wagonjwa kwa miaka mingi. Tena wengi wao walikuwa wakiendelea kumeza statini, kwa hivyo usitupe vidonge ulivyoandikiwa na daktari wako.