Fahamu: Kontua, mistari inayoonyesha maji yatafika wapi

Ziwa Tanganyika lilipofurika mwaka 2024 na kuingia majumbani huko Rumonge na Gatumba, Burundi, kila mwenye kiwanja ufukweni alitaka kujua maji yatakomea wapi. Programu za kuiga mafuriko hujibu kwa kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja.

Kompyuta hupewa nukta zilizopimwa, kisha hukisia vimo vilivyo katikati. Data inayotumika sana ilikusanywa kwa rada na chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, Februari 2000: nukta moja kila mita 30 hivi. Rumonge ni nchi ya michikichi, na rada hiyo mara nyingi husoma makuti badala ya udongo. Basi shamba tambarare linageuka kilima, na ramani inaliacha kavu.

Ndiyo maana kontua huhaririwa. Wengine huburuta mstari kwa kipanya mpaka upendeze. Huko ni kupamba, si kupima. Afadhali kusahihisha nukta zenyewe kwa vimo vya wapimaji waliokanyaga ardhi, kuingiza tuta la barabara ya RN3 linaloweza kuzuia maji, halafu kuiacha programu ichore upya.

Sheria ya maji ya Burundi ya 2012 imetenga ukanda wa mita 150 kutoka ziwani. Lakini huo ni umbali, si kimo. Penye mteremko mkali mita hizo zinatosha na kubaki. Kwenye tambarare, ziwa likipanda mita moja au mbili, huenda zikamezwa zote.